Balbu Niliyoibadilisha kwenye Friji la Metro

S.L.P. 114,
Yorkton, Saskatchewan.
3 Machi 2016

Mpendwa mdogo wangu Darka,

Hujambo huko uliko? Shemeji Alistair hajambo? Mguu wake umepona, au bado anaukokota? Nasikia huko Brisbane joto linawatoa jasho hata mkikaa kivulini. Tugawieni kidogo basi! Sisi tunaamka, tunakula, tunalala. Zaidi ya hapo nisikudanganye. Mke wangu Olenka anakusalimu, kikohozi chake kimepungua.

Najua ulilia sana ulipokosa ndege ya kukufikisha kwenye mazishi ya kaka yetu Metro. Usijilaumu. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi waipashe moto siku nzima ndipo ikachimbika. Padri aliimba vizuri. Kina mama wa kanisa walileta holubtsi za majani ya kabichi na pyrohy za viazi za kulisha kijiji, na watu wakamsema kwa mema, hata wale aliowahi kuwafokea kwa kuegemea gari la baba. Amelala kati ya baba na mama. Nilimtilia mkononi kile kitambaa chake cha njano cha kung'arishia gari. Padri aliona, akaendelea kuimba.

Sasa Darka, kuna jambo limenikaa kooni, na lazima nikuandikie. Kwenye simu ningeanza kulia, wewe ungeanza kunibembeleza, tungemaliza bila kusema kitu.

Wewe uliondoka zamani, kwa hiyo huenda hujawahi kuliona vizuri lile friji bovu la bandani. Lilipokufa, Metro hakulitupa. Alitoboa tundu ubavuni, akapitisha waya, akaning'iniza balbu ndani. Humo ndimo alimoweka vitu vyake vyote vya gari wakati wa baridi: sabuni za kuoshea, mafuta ya viti vya ngozi, dawa ya vioo, na polishi yake nyeupe. Karibu vyote vina maji ndani, na vikiganda vimekwisha, havifai tena. Lakini balbu ikiwaka mchana na usiku ndani ya friji lililofungwa, joto lake linatosha. Nje digrii thelathini na nane chini ya sifuri, baridi ya kuua mtu, na mle ndani chupa zimelala starehe.

Ungeuliza kwa nini asiviweke tu kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye joto. Mama alikataza, unakumbuka? Alisema harufu ya polishi inaingia kwenye unga wa pyrohy. Mama ana miaka kumi na mmoja kaburini, na Metro mpaka mwaka jana alikuwa bado anamtii.

Mwezi wa Oktoba, siku nilipompeleka hospitali, alinisimamisha bandani koti likiwa tayari mwilini. Hakuniusia nyumba wala paka. Aliniusia friji.

"Orest, kila siku ufungue, uguse chupa kwa mkono. Usiangalie taa. Gusa."

"Nimekusikia, kaka."

"Hujanisikia. Wewe masikio yako ni ya urembo tu."

Mle ndani kulikuwa na chupa ya mwisho ya ile polishi nyeupe, ambayo haitengenezwi tena. Alikuwa ameitunza kwa ajili ya Pasaka hii, kwa sababu uliahidi kuja. Alitaka aling'arishe gari la baba, tupande sote watatu, twende kubariki makaburi ya wazazi kama zamani. Akanishika bega akasema hata yeye asiporudi, mimi niifanye kazi hiyo, na nitumie ile.

Nilianza vizuri, Mungu ni shahidi. Wiki mbili tatu niligusa kila siku. Kisha theluji ikajaa mlangoni, nikaanza uvivu. Nikawa nachungulia kwenye tundu la waya, nikiona mwanga narudi zangu ndani kunywa chai.

Desemba mwanzoni mwanga haukuwepo. Balbu imeungua. Mbio mpaka dukani! Wakaniambia zile za zamani hawaziuzi tena, wakanipa hizi mpya zinazobana umeme. Nikaifunga, ikawaka nyeupe pee. Nikaenda hospitali kifua mbele.

"Kaka, nimekuwekea balbu itakayotuzika sote! Inadumu miaka ishirini, na ukiishika haichomi hata kidogo!"

Metro akanigeuzia uso.

"Haichomi?"

"Hata kidogo!"

"Umefanya vizuri, mdogo wangu," akasema, kisha akaomba maji.

Baada ya hapo kila siku nikifika, kabla hata sijavua kofia: "Friji?" "Linawaka." "Umegusa?" "Nimegusa." Sikuwa nimegusa, Darka. Hata siku moja. Nilimwangalia usoni mtu mgonjwa, ndugu yangu wa damu, nikamwambia nimegusa.

Siku ya Yordan, ile sikukuu yetu ya kubariki maji mwezi wa Januari, nilitaka kumfurahisha. Nikawaza nimpelekee ile chupa ya polishi aifungue anuse, maana mle wodini alilalamika kwamba hakuna kinachonukia vizuri. Nikafungua friji. Balbu inawaka kwa raha zake. Chupa za sabuni zimepasuka ubavuni, barafu imetokeza nje. Mafuta ya viti yameganda kama jiwe. Ile polishi nyeupe niliipeleka jikoni ikayeyuka, lakini ilikuwa imekatika kama maziwa yaliyochacha, maji juu, mabonge chini. Nikaitikisa mpaka mkono ukaniuma, haikurudi. Kilichopona ni kopo la nta ngumu peke yake, kwa kuwa haina maji.

Nikarudi bandani, nikaishika ile balbu kwa kiganja kizima. Baridi. Hapo ndipo hii akili yangu mgando ilipofunguka. Nikakaa kwenye bampa la gari la baba nikalia, mtu mzima wa miaka sitini na sita, mpaka kope zikashikana.

Nikaenda hospitali mikono mitupu. "Friji?" "Linawaka." "Umegusa?" Na bado, Darka, bado nikasema nimegusa.

Mchana wake wa mwisho alikuwa mwepesi, anaongea vizuri. Nilikuwa namlainisha midomo kwa pamba. Akasema, "Orest, ile balbu ni ya baridi."

Nikaiweka pamba chini.

"Nilijua siku ile ile ulipojisifu. Daktari naye alikuwa amepita asubuhi hiyo kuniambia sitatoka humu. Nikampigia Darka, nikamwambia yote mawili."

"Mbona mimi hukuniambia, kaka?"

Akafumba macho. Nilidhani anatafuta maneno. Kumbe alikuwa amelala, na hakuamka tena.

Kwa hiyo wewe ulijua tangu Desemba. Kila Jumapili ulinipigia, ukaniuliza, "Na friji la Metro?" nami nikakujibu halina neno. Sikasiriki. Au nakasirika kidogo, lakini hasira yenyewe ni yangu mwenyewe, siyo yako.

Gari lipo. Juzi nilianza kulisugua kwa ile nta ngumu. Ni kazi ya punda, bega lote limekufa, na nimemaliza ubavu mmoja tu. Halitang'aa kama alivyolitaka yeye. Ila Pasaka ikifika litakuwa tayari, na kiti chako kiko pale pale nyuma, upande wa kushoto. Kopo nimelihamishia chini ya nyumba, karibu na mitungi ya matango. Mama atanisamehe. Ile chupa ya polishi sijaitupa, siwezi.

Msalimie sana shemeji, na mjomba anambusu mwanao Talia pande zote mbili za uso. Olenka anasema uje na viatu vizito, usitie aibu kama mara ile. Mungu awafunike huko, awape usingizi mzuri, na akulete salama nikuone kwa macho yangu.

Nina ombi moja, na usinifiche ili kunihurumia. Siku ile Metro alipokupigia kukueleza nilivyojisifu na balbu yangu, alikuwa anacheka, au alikuwa analia?

Ndimi kaka yako uliyebaki naye, anayekupenda,
Orest