Vifundo vya Shangazi

Machi 3

Shangazi,

Shikamoo. Magoti yamepoa? Huku sote wazima isipokuwa mdogo wangu, na sababu unaijua.

Chini ya godoro lake nimekuta vile vifundo vya dawa unavyouza, vya kuweka ukeni "kusafisha kizazi". Ametumia wiki tatu. Amebabuka ndani, kukaa hawezi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake, nakwambia bila kupepesa macho: kizazi hakina taka. Koma kumpa.

Mwanao

Machi 9

Mwanangu,

Marahaba. Magoti mabovu kama ulimi wako.

Alikuja kwangu baada ya kwenda hospitali yako mara tatu kwa maumivu ya chini ya kitovu. Daktari hakumgusa hata tumbo. "Ukizaa yataisha," akamwandikia vidonge vya maumivu. Ulikuwa wapi, muuguzi? Mimi nilimsikiliza mpaka chai ikapoa. Na usinikomeshe, mgongo huu ndio uliokubeba.

Shangazi yako

Machi 21

Shangazi,

Shikamoo. Hali yako leo siulizi.

Ya daktari ni kweli, na mimi nilikuwa korido ile ile. Kwa aibu nimempeleka kwa daktari mwingine. Picha imeonyesha uvimbe kwenye kifuko cha mayai, mkubwa kama chungwa. Upasuaji ni tarehe 28. Hataki kusaini. Anasema, "Shangazi kaniambia watang'oa kizazi."

Kusikiliza si kutibu. Maneno umeyatia wewe, njoo uyatoe wewe.

Mwanao

Machi 27

Mwanangu,

Jana nilifika wodini. Ulikuwa na sinia la sindano, ukanipita kama nguzo.

Nilimwambia mdogo wako, "Nilisema nisilolijua. Saini, mama."

Akaniuliza, "Una hakika nitapona?"

"Sina. Ila sitakuacha."

Akasaini.

Usidhani umenishinda. Wanawake bado wanapanga foleni mlangoni kwangu, kwa sababu kwenu hakuna anayewauliza wanaumwa wapi.

Shangazi yako

Machi 30

Shangazi,

Shikamoo. Amezinduka salama. Uvimbe umetoka, kizazi kipo. Jina la kwanza alilotaja ni lako. Mimi nilikuwa nimemshika mkono.

Wageni wanaingia saa kumi jioni. Njoo. Zamu yangu nimeibadilisha, hatutaonana.

Dada yake