Makochi ya Bi Rukia

Jumatano

Nilimwambia Mama kuwa watu wa ufadhili wa masomo wanakuja kuangalia hali ya nyumbani. Sikumwambia kwamba wanachokuja kuangalia ni dhiki. Nilidhani anajua.

Leo nimetoka chuoni nikawakuta wameshafika, dada mmoja na mwenzake, wamekaa sebuleni kwetu kwenye makochi ya jirani yetu Bi Rukia. Zulia lake chini, feni yake inazunguka. Mezani wali wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina. Baba yuko chumba cha ndani, mlango umefungwa asionekane. Mama anawakirimu kama wakwe.

Kwenye maombi niliandika kwamba tangu Baba apooze tunakaa mkekani na tunakula mara moja kwa siku.

Yule dada alitazama karatasi yake, akaitazama feni, akaniuliza, "Hivi vitu ni vyenu?"

Mama akawahi. "Vyetu, mwanangu. Alhamdulillahi, hatujambo."

Ningeweza kusema ukweli. Lakini kumuumbua mama yangu mbele ya wageni, naye ameshika birika la kuwanawisha...

Waliaga, wakashukuru sana kwa chakula. Yule dada hakunitazama.

Makochi tumeyarudisha jioni. Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu Baba augue. "Umeona walivyokula?" akaniuliza. "Wale hawawezi kukunyima."

Nikamjibu kweli, hawawezi. Kisha tukakaa mkekani, tukala walichobakiza.