Gunia Lisilolalamika

Mpendwa Njeri,

Huku Rongai hatujambo, na mama yako amemaliza kuvuna. Unauliza kwa nini daktari apime ini lako ilhali hiyo homa ya ini B haikuumizi popote.

Nikiwa msichana, mnunuzi alitoboa gunia la baba kwa bambo, kile chuma cha kuchota mahindi ya ndani.

"Si umeyaona ni safi?" baba akafoka.

"Ya juu nimeyaona, mzee. Nataka ya katikati."

Yakatoka na ukungu. Tuliyaanika siku hiyohiyo, mengi yakapona.

Ini nalo huharibika kimya. Siku hizi mara nyingi halitobolewi: watatoa damu, kisha mashine iguse mbavu kupima kama limekakamaa. Hoja yako ni ya baba, na ilishindwa na konzi moja ya mahindi. Nenda Jumatatu.

Bibi yako, Cucu