Mibuni ya Baba na Greda la Osia

Jumatatu, 6 Oktoba 2008
Nimechemsha uji wa mama, nimefungulia kuku, nimekwenda kikaoni. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya barabara. Wimbo ni ule ule: kutoka huku kwetu juu hadi kwenye lami. Mvua ikianza, kahawa inashuka kichwani na mgonjwa anashuka kwa machela. Safari hii mambo yameiva. Osia, mdogo wangu, diwani wetu, anasema halmashauri imeshatenga fedha. Greda litafika kabla ya mvua.

Mzee Nzunda akauliza kama kuna aliyeliona hilo greda kwa macho. Nikamkata kauli mbele ya watu. Ana mdomo, mzee yule.

Alhamisi, 9 Oktoba
Osia amepita jikoni kwangu. Amekula ugali na maharage kama zamani, ameramba mpaka vidole. Anasema watu wang'oe mibuni yote iliyo ndani ya vigingi vya barabara, wasisubiri fidia. Greda likikuta miti linageuzwa, linapewa kata nyingine. Nikamwambia aje awaambie mwenyewe. Akasema, "Dada, wewe wanakusikiliza kuliko mimi. Anza na shamba la mama."

Kweli. Kwetu humwambii jirani ang'oe wake wakati wako umesimama.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mama hakutaka. Mibuni ile aliipanda na baba, mwaka waliohamia hapa. Ilishatoa vifundo vya maua, inangoja mvua moja tu. Nimembembeleza tangu asubuhi. Mwisho akauliza, "Osia kasema?" Nikamjibu ndiyo, Osia kasema.

Akachukua panga mwenyewe. Vibarua wakataka kumsaidia, akawafukuza. Alikata, kisha akachimba na visiki, mzee wa watu. Majirani walipoona shamba la mama jeupe, nao wakaingia kwenye yao. Mzee Nzunda kawa wa mwisho. Hakunitazama.

Jioni njia imenyooka kutoka hapa hadi bondeni. Nimefurahi mpaka nimeimba peke yangu.

Jumatano, 22 Oktoba
Sijui niandike nini.

Nilikwenda Tunduma, nikavuka mpaka hadi Nakonde kununua kitenge cha mama, pole ya mibuni. Kurudi nikakuta msongamano wa malori kama kawaida, nikakata kwa mtaa wa nyuma. Hapo nikaliona. Greda, la manjano, linachonga barabara mpya kabisa. Nikamsalimu dereva, nikamtajia kata yetu, nikamuuliza wakitoka hapa wanakuja kwetu lini. Akasema, "Mama, ile barabara ya kwenu ndiyo hii. Ilihamishiwa huku tangu mwezi wa nane."

Mwezi wa nane! Sisi tumeng'oa mwezi wa kumi.

Nikaifuata barabara hadi mwisho wake. Inaishia kwenye geti la yadi, ya malori kulala yakingoja kuvuka. Na pale getini, chini ya mwavuli, amekaa nani? Wifi yangu, mke wa Osia, anaelekeza mafundi. "Wifi, karibu! Umejuaje?" Akaniletea kiti. Akaniletea soda.

Nikainywa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba niliinywa yote na nikasema asante.

Jumapili, 26 Oktoba
Osia kaja na sukari na sabuni. Nikamuuliza kuhusu yadi. Hakukana hata. Ni mambo ya vipaumbele, dada. Mpakani kuna mapato, dada. Mwakani zamu yenu. Zamu YENU! Kama vile yeye kazaliwa Ulaya. Nimembeba mgongoni huyu, nimemtafunia nyama.

Nikamuuliza kwa nini basi alitung'olesha kahawa. Akasema wananchi wasipoonyesha mwamko, hata mwakani hawapati. Kisha akaomba nitulize watu kwenye mkutano.

Sukari nimeirudisha garini mwake.

Jumamosi, 1 Novemba
Mkutano. Mzee Nzunda kauliza tena swali lake la greda. Kwetu dada hamhoji ndugu yake wa kiume hadharani, ni kumvua nguo. Nikasimama. Nikasema: Osia, waambie watu greda liko wapi, na kwa nini ulisema tung'oe.

Akatabasamu. Akasema fedha zilibadilishiwa matumizi ngazi za juu. Halafu, mbele ya kila mtu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniombea maji utotoni: "Kung'oa kahawa ni uamuzi wa kamati. Mimi sijamwambia mwananchi yeyote hapa ang'oe hata mti mmoja. Kama yupo, asimame."

Hakusimama mtu. Wangesimamaje? Aliniambia mimi tu, jikoni, mdomo umejaa maharage yangu. Wote wakanigeukia. Ndipo nikajua kwa nini hakutaka kuja kuwaambia mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeusema msemo huu maisha yangu yote nikidhani ni wa watu wengine.

Jumatatu, 3 Novemba
Kisimani wamejitwika ndoo zao wakaondoka nilipofika. Nimejiuzulu kamati. Ninamchukia. Mdogo wangu, ninamchukia.

Alhamisi, 6 Novemba
Mzee Nzunda kapita. Nikamwomba radhi kwa kumkata kauli siku ile. Akasema, "Mwanangu, hata mimi niling'oa. Sikumwamini Osia. Nilimwamini mama yako na panga lake." Nililia alipoondoka.

Jumanne, 2 Desemba
Mvua tangu jana. Njia imekuwa tope tupu, hata baiskeli haipiti. Osia katuma mtu: ile njia iachwe wazi, msipande kitu, greda ni mwakani.

Mama alisikiliza huku anafunga kanga kiunoni. Akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na miche ya kahawa kwenye beseni. Kumbe alikuwa anaitunza siku zote hizi na hakuniambia. Akamwambia yule mtu, "Kahawa inazaa mwaka wa tatu. Greda likiiwahi, nitaing'oa tena mwenyewe."

Tumepanda mpaka saa sita, mimi nachimba, yeye anashindilia udongo. Mashimo ni yale yale ya visiki. Hakumtaja Osia, nami sikumtaja. Tulipomaliza aliniomba maji, nikamletea.