Neno la Saba

Jumanne, 5 Machi

Mvua tangu asubuhi. Baraza la kanisa ninaposhonea limejaa maji, mashine ya kukodi inakwama. Nimeshona sketi mbili za sare, moja nimeiharibu. Mama bado yuko hospitali Lilongwe. Kifua. Anataka ndagala, dagaa wa kwetu Uvira. Nimemwambia kwenye simu hapa kuna usipa tu, dagaa wa ziwa la Malawi. Akasema usipa nao ni samaki, ulete.

Mchana nilimtafsiria Chikondi, Mmalawi, mwanafunzi wa chuo kikuu. Anaishi nasi hapa kambi ya wakimbizi tangu mavuno yaliyopita, anaandika juu yetu batu wa koini, hii pesa ya mtandaoni tuliyonunua pamoja: tunavyokusanyika, tunavyoaminiana. Haulizi bei. Anauliza nani anaketi karibu na nani. Mwanzoni nilimwona mjinga. Sasa naona ana adabu.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Mtumishi Amosi, kiongozi wetu wa maombi, ameibiwa simu kwenye soko la Mponela. Koini za kikundi kizima zilikuwa humo. Hazijapotea, anasema. Simu mpya itazifungua, ila inadai yale maneno kumi na mawili ya siri tuliyozifungia, kwa mpangilio wake.

Hakuna aliyebaki nayo kwa maandishi. Sisi njo hivyo. Tulipokimbia Fizi na Uvira, kule Kongo, karatasi ziliungua, mpakani wakachukua mifuko, kilichovuka ni kile cha mdomoni. Kwa hiyo Mtumishi aliwagawia wazee kumi na wawili neno mojamoja la Kizungu, karatasi ikachomwa. Wakashikana mikono, wakaapa: neno halitamkwi mpaka wote kumi na wawili wawe wamesimama pamoja. Siku ile tulilia kwa furaha. Nani ataiba kinywa cha mtu?

Mama ana neno la saba. Kizungu hajui hata kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao. Mtumishi amewafungua kiapo kwa maombi, wale kumi na mmoja wamesema. Amebaki mama. Hao wengine hawana ruhusa ya kutoka kambini. Mimi ninayo, ya kumuuguza. Basi kazi ni yangu.

Chikondi asijue, wamesema. Mgeni ataandika. Alipouliza kikao kilihusu nini, nilimwambia tumewaombea wagonjwa. Uongo mtupu.

Mi pia nataka ifunguke. Nisijidanganye. Niliuza mashine yangu mwenyewe niingie koini, na sasa nakodi ya mwenzangu. Bei inashuka kila siku.

Jumapili, 10 Machi

Lilongwe. Kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, kisha minibasi, nimefika nimelowa. Mama amekonda. Mtumishi alimwombea kwenye simu ya kuazima, akamwambia kiapo kimefunguliwa, aseme tu. Mama akamjibu kwamba aliapa mbele ya Mungu, hakuapa mbele ya Amosi. Nilitaka kucheka. Nilitaka na kumtikisa.

Usipa nilisahau. Hakulalamika. Nimemwahidi nitakaporudi.

Jumanne, 12 Machi

Niko kambini tena, simu hainyamazi. Amesema? Bado? Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama amekula. Hata Mama Zawadi, aliyeimba naye kwaya tangu wakiwa wasichana, naye ni neno tu, neno tu. Jamani, batu gani hawa!

Wengine wanadai mama ameshaniambia, nami nimelikalia. Asubuhi nilikuta meza yangu imetolewa barazani, iko kwenye mvua. Kitambaa cha mteja kimeingia tope. Hakuna aliyejua nani ameitoa. Nimewatukana wote kwa ujumla.

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudi hospitali. Sikubeba usipa. Nilikwenda kwa hasira na hasira haipiki.

Nilimshika mama mkono kwa nguvu. Nikamwambia unatuua, unaniaibisha, neno moja tu, mama, la lugha usiyoijua. Akauliza, "Bengine beko wapi?" Nikamwambia hawawezi kuja, anajua hawawezi kuja. Akageukia ukutani.

Nesi akaniambia nitoke, namchosha mgonjwa. Nimetoka. Sikuaga.

Jumamosi, 16 Machi

Mama amefariki jana asubuhi.

Mtumishi amepiga. Ameuliza neno kwanza, pole ikafuata.

Jumatano, 20 Machi

Tulizika juzi. Wale kumi na mmoja walisimama pembeni ya kaburi, wameshikana mikono, wanaimba. Kwa hiyo walikuwa wote pamoja, kumi na wawili, kama alivyotaka. Mmoja ndani ya sanduku.

Chikondi amekuja matanga kila siku, anaosha vyombo na wanawake. Leo nimemwambia yote. Nilichoka kuficha. Akaacha kuosha, sufuria mkononi, akauliza: limekosekana moja tu? Mna yale kumi na moja, na mnajua hili ni la saba? Nikasema njo hivyo.

Akanieleza polepole, anaona haya. Maneno hayo hutoka kwenye orodha moja inayojulikana na dunia nzima, kama elfu mbili hivi. Likikosa moja, kompyuta inajaribu yote, mpaka lipatikane linalofungua. Kazi ya kitambo kidogo. Angeambiwa siku ile ya kikao, angesema siku ileile.

Tulikwenda kwa Mtumishi. Wazee wakakubali. Chai ilikuwa jikoni; kabla haijachemka, kompyuta ya Chikondi ilikuwa imelipata neno.

Kumbe. Kumbe hakukuwa na haja ya kumuuliza! Nililia uani mpaka majirani wakaja, wakafikiri ni msiba mwingine.

Jumapili, 24 Machi

Koini imefunguka na koini imekufa. Hakuna anayeinunua, hapa wala kwingine. Mtumishi anasema tusubiri, itafufuka. Wanasubiri. Wametunga maneno mapya kwenye simu mpya, wameyagawa, wamechoma karatasi. Waliniomba nishike nafasi ya mama. Nilisema hapana, nikaondoka kabla ya sala ya mwisho.

Chikondi alinifuata njiani. Aliuliza kama nataka kulijua neno la mama, liko bado kwenye kompyuta yake. Nikamwambia afute. Akafuta mbele yangu. Zikomo, nikamshukuru kwa lugha yake.

Mvua imekatika. Nimenunua usipa, nimeukaanga kwa nyanya nyingi. Nimepika na nsima, ugali wa hapa, wa watu wawili, mazoea tu. Iliyobaki nimempelekea Mama Zawadi, akapokea kwa mikono miwili.

Kesho kuna sare za kumalizia.