Hata Kwa Wasio na Kazi Simo

Jumanne, Mwihoko. Baridi ya mwezi wa saba, ukungu haujaondoka hadi karibu adhuhuri.

Leo nimeumizwa na msichana mwenye adabu sana.

Alibisha asubuhi na kishikwambi mkononi, akasema anafanya utafiti wa nguvu kazi: nani anafanya kazi na nani hana. Nikamvutia kiti upesi. Tangu kiwanda cha nguo kule Thika kipunguze watu, nikiwemo, kama kuna mtu anastahili kuhesabiwa hana kazi, ni mimi.

Alianza na mke wangu, Mama Mercy, aliyekuwa akikanda unga.

"Mimi sina kazi, mwanangu. Niko tu kwa nyumba."

"Na hizi chapati zote ni za nani?"

"Za watu wa mjengo, wale wanajenga hapo chini. Nawapelekea lunch."

"Wanalipa?"

"Ala! Kwani nawapea bure?"

Msichana akacheka, akasema basi ana kazi. Hata saa moja ya biashara ndani ya wiki inatosha. Huku kwetu kazi ni ile ya kugonga kadi getini. Nyingine zote tunaziita kukaa nyumbani. Mama Mercy akanitazama kama aliyepandishwa cheo.

Zamu yangu ikafika.

"Mimi ndio sina kazi," nikasema kwa sauti.

"Pole, baba. Na huu mwezi umetafuta wapi?"



Sisi wa viwandani hatutafuti kazi kwa barua. Unaamkia getini, mnasimama wengi, supavaiza anatoka na kuonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe. Mara ya mwisho kidole kiliniruka, kikamchukua kijana niliyemfundisha cherehani mwenyewe. Niliona aibu mbaya. Sikurudi tena. Nikiulizwa, nasema nangoja mambo yawe mazuri.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijatafuta. Akabonyeza. Nikauliza ameniweka wapi. Akaeleza polepole: asiye na kazi, kwa hesabu yao, ni yule ambaye hana, yuko tayari kufanya, na anatafuta. Aliyeacha kutafuta wanamweka nje ya nguvu kazi, pamoja na wanafunzi na wazee waliostaafu.

Hata kwa wasio na kazi simo!

Nilikasirika. Nikamwambia hesabu yenu ni ya uongo, tumbo langu halijui hiyo tofauti. Hakubishana. Alisema ni kweli ile asilimia ya wasio na kazi inayotangazwa inaficha watu, ndiyo maana wanawahesabu na walio nje. Kisha akaongeza kwamba wakati mwingine asilimia hiyo hupanda bila mtu yeyote kufutwa kazi, kwa sababu tu waliokata tamaa wameanza kutafuta tena.

"Kwa hivyo nikirudi getini nitaharibia Serikali hesabu?"

"Kidogo tu, baba."

Mama Mercy alicheka hadi akaacha kukanda. Nami nikacheka, ingawa moyo ulikuwa bado unauma.

Baada ya yeye kuondoka nimewaza sana. Kukosa kazi nimeshazoea. Ninachoogopa ni kile kidole.

Jioni nimempigia Mutua, tuliyeshona naye kwenye laini moja kiwandani na ambaye hakupunguzwa. Nimemuuliza waziwazi kama kuna nafasi, swali ambalo nimelikwepa muda mrefu.

"Wee, ulipotelea wapi?" akasema. "Wiki hii wanachukua watu wa kushona. Sikuahidi kitu, lakini kesho kuja mapema."

Huenda kidole kikaniruka tena. Najua. Lakini Mama Mercy ameshanipigia shati pasi bila kuombwa, na mimi, sijui kwa nini, nimekuwa nikiimba peke yangu tangu nikate simu.

Msichana wa watu akirudi kesho, hatanikuta nyumbani. Aniandike tu: hana kazi, anatafuta.