Bahari ya Habaswein

Jumanne

Bado nacheka, na bado nina hasira. Kisima cha mzee Abdi kimepatikana na kipindupindu, watoto wawili wamelazwa, na fomu mpya ya kwenye simu inakataa kutuma ripoti yangu ya afya mpaka nijaze joto la maji ya bahari.

Bahari! Huku Habaswein, jangwani!

Msimamizi wangu wa Garissa akasema, "Jaza chochote."

Mzee Abdi akaniuliza kwa upole, "Walaal, ndugu yangu, hiyo bahari imefika wapi? Ngamia wangu wana kiu."

Nikajaza sifuri. Ripoti ikaenda. Muda si muda wakubwa wakanipigia kwa hofu: mtambo umewaambia bahari imeganda.

Kesho wanatuma gari la dharura kukagua barafu. Nimewasihi walijaze klorini ya kutibu kisima. Naogopa watoto wengine wenye kiu hawatangoja.